Sababu za Kifamilia

Ukizikusanya barua za kuacha kazi za walimu wapya wa shule binafsi na kuzisoma kwa mpigo, utadhani ualimu ni kazi inayoua wazazi. Huyu mama anaumwa, yule baba anahitaji uangalizi, wa tatu ana mirathi isiyokwisha huko Songea. "Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia." Kisha zinafuata shukrani "kwa uongozi na wafanyakazi wenzangu kwa ushirikiano mkubwa mlionipa." Ushirikiano huo ungekuwapo, nusu ya barua hizo zisingeandikwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya kuvunja mkataba iwe ya maandishi na itaje sababu. Sababu inatajwa kweli, ila si yenyewe. Mwalimu mpya anajua kwamba mkuu wa shule atakayepokea barua hiyo ndiye atakayepigiwa simu na shule ya pili kuulizwa, "Huyu kijana mlikuwa naye, vipi?" Kwa hiyo anaandika la kumfurahisha. Barua inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini, na Januari mhitimu mwingine anakalia kiti kilekile, anapewa madarasa yaleyale, anakutana na kimya kilekile. Shule haijawahi kuambiwa kosa lake, na yenyewe haijawahi kuuliza.

Nilishika chaki kabla sijashika kalamu ya magazeti, kwa hiyo haya sikuyasikia kwenye kongamano.

Siku ya kuripoti huwa nzuri. Mgeni anapewa chai na chapati, anasimamishwa mstarini, wanafunzi wanaambiwa wampigie makofi mwalimu wao mpya wa Kiswahili na Historia. Baada ya hapo mtaaluma anamkabidhi ratiba, boksi la chaki, kitabu cha kiada kisicho na jalada, na azimio la kazi la mwaka jana lililoandikwa na mtu ambaye hayupo tena. "Ukikwama, uliza." Katika shule nyingi mafunzo elekezi huanzia hapo na kuishia hapo.

Shuleni kwangu, maandalio ya masomo yalikusanywa kila Jumatatu asubuhi na kupangwa mezani kwa mtaaluma. Nilimwona akiyagonga mhuri huku anaongea na simu: kidole gumba kinafunua, mkono unagonga, kidole kinafunua, na macho yako dirishani. Lile nililoliandika hadi usiku wa manane, nikijiuliza kama nimetenga dakika za kutosha kwa mazoezi ya ngeli, halikusomwa hata mstari. Mhuri ule ulikuwa wa wathibiti ubora watakapokuja. Mimi sikuwamo katika hesabu hiyo.

Mkuu wa shule naye alikuwa na desturi ya kupita koridoni. Siku moja Kidato cha Pili walikuwa wakijadiliana kwa vikundi, na majadiliano ya watoto hamsini na kitu yana kelele zake. Aliingia bila hodi, akawafokea wote, akawapigisha magoti, akanitazama, akatoka. Alidhani amenisaidia. Tangu siku ile darasa lile lilijua kwamba amani yake inatoka nje ya mlango, na kila niliponyanyua sauti walichungulia kwanza dirishani kuona kama mwenye sauti halisi anapita. Matokeo ya jaribio yalipotoka mabaya niliitwa ofisini, nikaonyeshwa wastani wa darasa uliozungushiwa kalamu nyekundu, nikaulizwa, "Mwalimu, tatizo ni nini?" Hakuna kati ya waliokuwa wamekaa pale aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu hata kwa kipindi kimoja.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Tunapenda kulieleza jambo hili kama hadithi ya mkuu katili na kijana mnyonge, na mara nyingi sivyo. Angalia fedha inavyotembea. Shule nyingi binafsi humlipa mwalimu bahasha kwa kila A inayopatikana katika somo lake kwenye mtihani wa taifa. Mzee wa Jiografia aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu alikuwa na mbinu za miaka mingi za kulishika darasa, lakini muda wake ulikuwa na bei, na bei hiyo haikuwa na kifungu cha kumkalisha chini mgeni. Mkuu naye anapimwa na mmiliki kwa matokeo ya shule kwenye mtihani huo. Mmiliki anapimwa na wazazi kwa matokeo hayohayo. Hakuna aliyelipwa ili mwalimu mpya aive, na kisicholipiwa katika shule ya biashara hakifanyiki, isipokuwa kwa huruma ya mtu mmoja mmoja.

Na huruma hiyo ipo. Ninawafahamu walimu waliosalia kazini kwa sababu tu katika muhula ule wa kwanza, ulio mgumu kuliko yote, alikuwepo mama mmoja wa Hisabati aliyewaambia, "Njoo ukae kwenye kipindi changu cha tatu, halafu mimi nitakuja kwenye chako cha tano." Hicho tu. Hakuhitaji semina wala posho ya kikao. Alisahihisha nao rundo la kwanza la madaftari, akawaonyesha jinsi ya kuacha makosa mengine yapite ili daftari lisirudi limejaa damu, akawaambia mtoto yupi anapiga kelele kwa sababu hajala na yupi kwa sababu ana mdomo. Tofauti ya shule inayolea na shule isiyolea mara nyingi ni mtu mmoja wa namna hiyo na uongozi usiomzuia.

Chuoni mambo hayako hivi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha kuna mkufunzi anayekuja, hata kama ni mara chache, anakaa nyuma na fomu yake, na baadaye mnakaa chini ya mti anakwambia ubao wako umekaa vibaya na swali lako la kwanza lilikuwa la ndiyo na hapana. Unahitimu, unapewa cheti, na kuanzia siku hiyo hakuna anayekuja tena. Daktari ana mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo chini ya wakubwa zake. Mwanasheria ana muda wake kabla hajasimama mahakamani peke yake. Mwalimu anaachiwa watoto wa watu asubuhi ya kwanza na kuambiwa vipindi vyake vinaanza saa mbili.

Serikali haijakaa kimya katika hili. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao walimu wanauita MEWAKA, unataka shule iwe na jumuiya ya kujifunza: walimu wachague mada inayowasumbua, waandae somo pamoja, mmoja afundishe wenzake wakitazama, kisha wakae wajadili bila kutafutana ubaya. Pale mkuu anapoupenda, unafanya kazi, na mgeni ananufaika kuliko wote. Pale mkuu anapouona ni kazi nyingine ya ripoti, unageuka karatasi, na karatasi inagongwa mhuri.

Historia yetu pia ina mkono wake hapa. Tumewahi kuhitaji walimu wengi kwa haraka, mara zaidi ya moja. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilikimbilia Elimu ya Msingi kwa Wote, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huku wakifundisha. Shule za kata zilipochipuka baada ya 2004, wahitimu wa Kidato cha Sita walipitishwa kwenye mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani, na mtaani wakabatizwa walimu wa vodafasta, jina la huduma ya simu ya wakati huo. Watu walicheka. Baadhi ya vodafasta hao leo ni wakuu wa shule wazuri, kwa sababu walijisomesha na kwa sababu waliangukia mikononi mwa mtu. Ila tabia tuliyorithi enzi hizo, ya kuamini kwamba mwalimu akishafika kituoni kazi imekwisha, haijatutoka.

Kutosaidiwa hakumuumizi mwalimu peke yake. Oktoba 2016 video ilisambaa nchi nzima ikionyesha walimu waliokuwa kwenye mazoezi katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya wakimpiga mwanafunzi wa Kidato cha Tatu ndani ya ofisi, kwa mikono na mateke. Walifukuzwa vyuoni, na haki yao. Swali lililonikaa mimi ni jingine: mwenyeji wao alikuwa wapi? Mwongozo wa adhabu ya viboko uko wazi tangu 2002: viboko visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Nenda leo katika shule yoyote uone mwalimu mpya anaambiwa nini wiki ya kwanza ya zamu. Anaambiwa akikosa fimbo watampanda kichwani. Akikataa, wenzake wanamwona anajifanya Mzungu, na ukimya unaanza: haalikwi chai, hapewi taarifa za vikao, mwanafunzi aliyemtukana anarudishwa darasani bila neno. Hapo yuko katika shule isiyomsaidia kwa sababu amefuata sheria.

Kwa nini basi walimu wapya wanakaa? Kwanza foleni. Serikali ilipowaita walimu kwenye usaili mwanzoni mwa 2025, waliokuwa wameomba walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Mmiliki wa shule anaijua hesabu hiyo kuliko ofisa takwimu. "Kama umechoka, sema, bahasha za maombi ninazo hapa" ni maneno ambayo walimu wengi wa shule binafsi wameyasikia, kwa utani au bila utani. Pili deni. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, na kabla ya kuajiriwa alikwishakula chumvi ya shemeji kwa miaka. Anapigaje simu nyumbani kusema ameacha?

Tatu, na hili ndilo linaloniudhi, ni wito. Mtu akilalamika kwamba ana vipindi vingi, hana kitabu, na hakuna anayemwelekeza, anajibiwa kwamba ualimu ni wito. Neno hilo limefanywa kifuniko cha kila chungu kinachonuka. Aliyeondoka shuleni anasemwa hakuwa nao. Lakini mtu maarufu kuliko wote aliyewahi kuacha kazi ya ualimu nchini ni Julius Nyerere. Alifundisha St Mary's Tabora, akaenda kusoma Edinburgh, akarudi akafundisha Pugu, na mwaka 1955, alipotakiwa kuchagua kati ya darasa na TANU, akajiuzulu. Sababu zake zilikuwa za kisiasa na Pugu haikumtesa, kwa hiyo sifananishi mikasa. Ninachosema ni kwamba aliacha shule, na taifa zima likaendelea kumwita Mwalimu mpaka alipofariki 1999. Shule ni jengo lenye mwenyewe. Ualimu ni wa aliyeusomea, na anaweza kuubeba akaenda nao kwingine.

Kutotenganisha vitu hivyo viwili ndiko kunakotupotezea watu. Kijana anavumilia shule mbovu mwaka mzima, wa pili, mpaka anachukia hata harufu ya chaki, kisha anaacha vyote kwa pamoja na kwenda kuuza vifaa vya simu Kariakoo. Angeondoka mapema, angekuwa bado anafundisha.

Walioajiriwa serikalini watakuwa wanacheka hapa, na wana haki. Kwao kuacha shule bila kuacha ajira kunaitwa uhamisho, na uhamisho ni safari ya aina yake. Mwajiriwa mpya yuko katika kipindi cha majaribio cha mwaka mmoja na anaambiwa asubiri athibitishwe kwanza. Akishathibitishwa, anaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye. Kuna makundi ya WhatsApp na Telegram yenye maelfu ya walimu yanayofanya kazi hiyo tu, usiku na mchana: natoka wilaya fulani, naenda yoyote yenye lami, nafundisha Baiolojia na Kemia, niko tayari kuongeza nauli. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, jambo lililopunguza safari za kwenda Dodoma na bahasha za kaki, ingawa mfumo hauwezi kukutafutia mtu anayetaka kwenda kule unakokimbia.

Lango la dharura ambalo wengine hulitumia ni la hatari. Mwalimu anaomba ruhusa ya kwenda kuuguza, anafika mjini, anapumua, hataki kurudi. Siku zinapita. Mtumishi wa umma akizidisha siku tano nje ya kazi bila ruhusa amefanya kosa linaloweza kumfukuzisha, na akifukuzwa, rekodi inamfuata kila atakapoomba kazi ya serikali tena. Kama hali ni mbaya kiasi hicho, kuna ngazi za kupitia kwanza: Afisa Elimu Kata, ambaye mara nyingi ni mtu anayefikika, Afisa Elimu wa halmashauri, chama cha wafanyakazi ambacho makato yake yanakatwa kila mwezi na ambacho wengi hawajawahi kukipigia simu, na Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani. Ni kweli kwamba malalamiko hurudi kwa mlalamikiwa kabla jua halijazama. Ndiyo maana yaandikwe, yawe na tarehe, na nakala ibaki kwako.

Kwa shule binafsi njia ni fupi zaidi, na ni ajabu jinsi walimu wachache wanavyoijua. Katika mwezi wa kwanza wa kazi notisi ni siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28, isipokuwa mkataba uwe umetaja muda mrefu zaidi ambao ni sawa kwa pande zote mbili. Anayetaka kuondoka leo anaweza kulipa badala ya notisi. Akiondoka ana haki ya mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoichuma na hajaichukua, na cheti cha utumishi. Wengi hawakidai hicho cha mwisho, kisha miaka miwili baadaye wanashindwa kuthibitisha uzoefu wao.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuangaliwa kabla barua haijatoka mkononi: NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na anachokatwa mwalimu kisizidi asilimia 10. Kukatwa kwenye karatasi ya mshahara si sawa na kufika kwenye mfuko. Taarifa ya michango inapatikana kwa simu au kwenye ofisi ya mfuko, na ni afadhali kugundua kwamba miezi sita haijapelekwa wakati ungali ndani na mhasibu anakusalimia. Suluhu ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na milango yake ina muda: anayedai kwamba mwajiri alifanya mazingira ya kazi yasivumilike mpaka akalazimika kuacha asikae miezi akitafakari, kwa kuwa madai ya kuachishwa isivyo haki yanatakiwa yafike ndani ya siku 30. Mwenye chini ya miezi sita kazini ajue pia kwamba kinga hiyo kwa kawaida haijamfikia bado.

Halafu vyeti. Kuna shule zinazopokea vyeti halisi vya mwalimu "kwa uhakiki" na kuvifungia kwenye sefu. Kila mtu anajua uhakiki hauchukui mwaka. Shule inayohitaji kushikilia cheti chako ili usiondoke imekwisha kukueleza yote kuhusu maisha ya humo ndani, na ikiyaeleza siku ya kwanza, mshukuru Mungu, toa nakala iliyothibitishwa na mwanasheria, na uende zako.

Linalobaki ni watoto. Hapa ndipo mazungumzo na walimu yanapokuwa mazito, kwa sababu hapa hakuna sheria. Ukitoa notisi Agosti, Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba. Wamezoea mwandiko wako. Kuna yule ambaye alianza kuandika insha yenye kichwa na miguu mwezi uliopita tu. Mmiliki wa shule, aliyechelewesha mishahara tangu Mei, anajua kuitumia hoja hiyo vizuri: "Kweli mwalimu utawaacha watoto hawa?" Huyohuyo angekuacha wewe kwa ujumbe mfupi wa simu.

Maoni yangu ni haya. Kama tatizo ni upweke, kazi nyingi, na uongozi usiojali, inafaa kumaliza muhula, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya usingizi wako mwenyewe baadaye. Kama unaambiwa ubadilishe alama, kama mtu mwenye cheo anakutaka kimwili, kama hujalipwa na unakopa nauli ya kwenda kazini, muhula haukuhusu. Mwalimu aliyevunjika hafundishi, anahudhuria tu, na watoto wanajua. Kwa vyovyote vile, mkabidhi anayekuja kitu cha kushika: azimio la kazi lenye alama ya pale ulipoishia kwa ukweli, si pale ulipopaswa kuwa, daftari la alama za maendeleo lililokamilika, na ukurasa mmoja wa kawaida kabisa kuhusu nani anahitaji nini. Hutakutana na mtu huyo pengine. Utakuwa umemfanyia kile ambacho wewe hukufanyiwa.

Wenzetu wa Uingereza, upande wa England, walilitungia jambo hili utaratibu tangu 1999. Mwalimu mpya ana kipindi rasmi cha kulelewa, ambacho tangu Septemba 2021 ni miaka miwili; ana mlezi anayetajwa kwa jina; vipindi vyake vinapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka wa kwanza na 5 wa pili ili apate muda wa kujifunza. Lililonivutia zaidi ni hili: akiihama shule katikati, mihula aliyokwisha kuitimiza anahama nayo, na shule mpya inaanzia pale. Malezi ni mali ya mwalimu. Hata tarehe za kujiuzulu katika shule nyingi za umma zimefungwa kwenye mihula, mwisho wa Oktoba, mwisho wa Februari na mwisho wa Mei, ili darasa lisiamke siku moja bila mtu. Wala hawajamaliza matatizo: karibu theluthi moja ya walimu wao wapya huacha kazi hiyo ndani ya miaka mitano. Mlezi anaweza kuwa jina kwenye fomu huko kama mhuri ulivyo kwetu. Lakini wana mahali pa kuandika kwamba mlezi hakuja. Sisi Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu mwaka 2018, na ningependa kuona siku moja bodi ya namna hiyo ikiuliza shule swali rahisi: walimu wapya mliowapokea miaka mitatu iliyopita, wangapi wapo?

Wakati tunasubiri, swali hilo anaweza kuuliza mwombaji mwenyewe. Katika usaili wa shule ya pili ataulizwa kwa nini aliiacha ya kwanza, na hakuna haja ya kuzua ugonjwa wa mtu. Aseme alihitaji shule yenye mtu wa kumtazama akifundisha na kumwambia ukweli. Mkuu anayestahili kufanyiwa kazi hatashtuka kwa jibu hilo. Huenda likawa jibu bora alilosikia siku hiyo. Kisha zamu yake ikifika, aulize somo hili alikuwa anafundisha nani, na yuko wapi sasa. Aulize nani ataingia darasani kwake mwezi wa kwanza, na lini. Aombe kukaa ofisi ya walimu saa ya chai, dakika chache tu, kabla ya kusaini. Ofisi ambamo watu wanabishana kuhusu swali la mtihani au kuhusu Simba na Yanga ina uhai. Ile ambamo mazungumzo yanakatika mkuu anapopita, aombe apewe muda wa kuufikiria mkataba, na auchukue kweli muda huo.